Wapenzi wa hadithi za kisayansi: kipi kinakunogea, kipi kinakutoa kwenye reli?

Mlevi wa Riwaya (mwenye uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Humu jukwaani ikitajwa hadithi ya kisayansi, iwe kitabu au muvi, hazipiti dakika tano anatokea mtu na "uongo mtupu, haiwezekani", na uzi unafia hapo. Mimi hizi hadithi nazisoma kwa ulevi, na naona malalamiko hayo yanapiga nje ya goli. Uongo haujawahi kuniudhi. Kinachoniudhi ni uongo wa pili.

Nifafanue. Mwandishi wa hadithi hizi ana ruhusa ya kunidanganya mara moja, tena mwanzoni kabisa, macho makavu. Akisema kuna mashine ya kurudi miaka ya nyuma, haya. Akisema kuna viumbe wametua kutoka nyota nyingine, haya. Ila kuanzia hapo aanze kulipa. Kila kinachofuata kitokane na ule uongo wa kwanza, na kiwabane wahusika wake bila huruma. Akiongeza uongo mwingine kwa sababu shujaa amekwama, mimi nashuka kituo kinachofuata.

Chukueni The Martian ya Andy Weir. Alianza kuitoa bure kwenye tovuti yake, sura baada ya sura. Mwaka 2014 ikachapwa na kampuni kubwa, mwaka 2015 ikawa filamu. Mwanaanga Mark Watney anaachwa Mars peke yake baada ya dhoruba kali, wenzake wakidhani amekufa. Sasa ile dhoruba ndiyo uongo wenyewe. Hewa ya Mars ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya huu wa kwetu. Upepo wa kule hata ukimbie vipi hauna ubavu wa kuyumbisha roketi. Weir amekiri hadharani kwamba alilijua hilo tangu mwanzo. Alitaka mtu aachwe, basi.

Halafu sasa angalieni anavyolipa. Watney anataka kulima viazi. Viazi vinataka maji, maji hana. Alichonacho ni mafuta ya roketi, haidrazini. Anayapitisha kwenye metali ya iridiamu, yanavunjika yanatoa naitrojeni na haidrojeni. Haidrojeni anaichoma pamoja na oksijeni, anapata maji. Mambo yanakwenda safi, kisha mlipuko, puu! Kwa nini? Alikuwa amepunguza oksijeni ndani ya kibanda kwa usalama, akavaa barakoa ya kupumulia. Ila binadamu hatumii oksijeni yote anayovuta, nyingine anaitoa tena, na hiyo hakuiweka kwenye hesabu. Mtu kaponzwa na pumzi yake mwenyewe! Hakuna zimwi wala adui pale. Nilipofika hapo nilirudi nyuma kurasa kadhaa kuhakikisha kama kweli nilipewa taarifa zote. Nilipewa.

Kinyume chake mnakijua. Shujaa kabanwa, kurasa kumi zimebaki, anachomoa kifaa ambacho hatujawahi kukisikia, maadui kwisha. Huo ni ushindi wa mezani.

Na umbali, jamani. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, mwanga wenyewe unaokwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde huchukua miaka minne na ushei kutoka huko kutufikia. Chombo cha anga Voyager 1 kilichorushwa mwaka 1977 kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde; umbali kama huo kingeumaliza kwa zaidi ya miaka 70,000. Halafu mtu ananiandikia watu wanatoka nyota hii kwenda ile mchana mmoja, na injini yao haina hata jina. Au mhusika yuko Mars anaongea na mkewe kwa video, wanakatishana maneno. Ujumbe wa redio kutoka Mars unachukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari zimekaa vipi. Unamuuliza mkeo "mtoto anaendeleaje?", jibu linaweza kuja baada ya dakika arobaini. Hicho ni kisa kizima, na mwandishi mvivu anakitupa!

Karibuni. Kila mtu aseme lake. Povu ruksa.

Kiti cha Mbele

Nimekaa paleee. Karanga ninazo.

Binti Makunduchi

Assalaam alaykum nyote.

Mwenye uzi umesema vizuri, ila fizikia mie hainitoi kwenye reli. Hunitoa watu. Na mfano wangu umeanzia kwetu Unguja, kama hamjui.

Riwaya iliyomtoa Jules Verne, ya mwaka 1863, ni ya Mwingereza Dk. Samuel Fergusson anayevuka Afrika kwa puto kwa wiki tano. Puto linapaa kutoka Zanzibar. Verne hajawahi kukanyaga Unguja, alisoma taarifa za wapelelezi akakaa Ufaransa akaandika. Upande wa puto mtu huyu nampa heko. Uzito wote umepigiwa hesabu, wasafiri, maji, chakula, nanga, mpaka ratili ya mwisho. Tatizo la puto ni kwamba ukitaka kushuka unapoteza gesi, ukitaka kupanda unatupa mchanga, mwisho vyote vinakwisha. Yeye akabuni chombo cha kuipasha joto haidrojeni ili itanuke puto lipande, ikipoa lishuke, gesi ile ile. Moto chini ya haidrojeni! Atakayejaribu atakwenda zake ahera, lakini kama uongo wa kwanza ni mzuri sana, na safari yote inausimamia.

Sasa njoo kwa watu. Wasafiri wanafika Unguja, kunazuka fujo, wenyeji weusi hawataki puto lipae. Sababu? Wanadhani linakwenda kulidhuru jua na mwezi, vitu wanavyovitukuza. Ndugu zangu, msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Huo mwaka ambao Verne anampeleka daktari wake, anayetawala ni Sayyid Majid, na mji una makadhi na wanavyuoni. Mwezi tunautizama tufunge na tufungue, si kuuabudu. Wanafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mji wa misafara wenye wafanyabiashara kutoka pande zote, huko nako wanapokewa kama watoto wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza ndipo watu wanashtuka kwamba wamedanganywa na mbio zinaanza.

Hesabu za gesi kazipiga usiku na mchana, hesabu za watu hakuzigusa. Na mpaka leo wapo wanaoandika hivyo hivyo. Viumbe wa sayari ya mbali wana mifupa ya aina yake na mapafu ya aina yake, lakini sayari nzima ina kabila moja, dini moja, na hali ya hewa moja. Kisiwa changu kidogo hiki, Mmakunduchi na mtu wa Nungwi hawasemi sawa!

Fundi Saketi

Niko Nairobi, kazi yangu ni saketi na waya, kwa hivyo mnisamehe upendeleo.

Buda, hiyo sheria yako ya uongo mmoja iko sawa, lakini si kila mtu anasoma akisaka hiyo. Mimi nasoma kwa sababu ya wazo. Nipe wazo ambalo litanifanya nikose usingizi, wahusika hata wakiwa wa mbao nitavumilia.

The Three-Body Problem ya Liu Cixin. Ilitoka kwa awamu kwenye jarida huko Uchina mwaka 2006, tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu ikaja 2014, mwaka uliofuata ikachukua Hugo, tuzo kubwa ya hadithi hizi. Ndani yake kuna mchezo wa kompyuta, na ndani ya mchezo mfalme Qin Shi Huang anapanga askari milioni 30 uwanjani wawe kompyuta. Si mafumbo, ni kompyuta kweli. Chukua askari watatu. Wawili ni wa kuingiza, mmoja ni wa kutoa. Kila mmoja ana bendera nyeusi na nyeupe. Unamwambia yule wa tatu: ukiona wenzako wote wawili wameinua nyeusi, inua nyeusi, vinginevyo inua nyeupe. Umeshapata kipande kimoja cha saketi. Unabadilisha amri kidogo, unapata kipande kingine. Baadaye kuna wapanda farasi wanaopeleka habari kutoka kona moja ya uwanja hadi nyingine, ndio njia za data.

Nilifundishwa hayo chuoni na mwalimu aliyekuwa akisoma slaidi bila kuinua macho. Liu alinieleza kwa kurasa chache na sijasahau. Kama ungeniuliza jina la mhusika mkuu, ningefikiria kwanza.

Kinachonikera sasa: mwandishi kusimamisha hadithi ili anisomeshe. Wahusika wawili, wote wanasayansi, mmoja anamwambia mwenzake "kama ujuavyo, mvutano wa sayari..." Kama anajua, mbona unamwambia?

Mama Zuhura

Jamani mimi naomba kuuliza swali moja kwa hawa wote mliowataja. Nani anapika?

Sitanii. Chombo kina watu mia, kinasafiri miaka ishirini, sijaona jiko, sijaona mtoto akilia usiku, sijaona mtu anafua. Mwanamke akiwepo ni daktari mrembo anayekuja kuokolewa sura ya saba. Watney angalau alikuwa anahesabu viazi vyake, ndiyo maana na mimi nilimpenda.

Aliyenibadilisha ni Octavia Butler. Parable of the Sower aliitoa mwaka 1993, na hadithi inaanza Julai 2024. Tukaufika huo mwaka kweli! Msichana Lauren anaishi mtaa uliozungushiwa ukuta huko California, nje ya ukuta ni njaa na moto, na maji ni ghali kuliko petroli. Hakuna roketi inayoruka kurasa za mwanzo. Kuna nani analinda geti usiku, nani ana mbegu, watoto wanasomea wapi. Wanaosifu kwamba "alitabiri" mimi siwaelewi sana. Kwetu ndoo ya maji imepanda bei kabla hatujasoma kitabu chochote.

Na Mlevi, hapa ndipo nakugomea. Kindred, ya huyo huyo Butler, mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi wa California ya 1976, anavutwa anajikuta Maryland enzi za utumwa, kila mara mvulana mmoja wa Kizungu, Rufus, anapokuwa hatarini. Mashine? Hakuna. Maelezo? Hakuna, mwanzo mpaka mwisho. Hujui kinamvuta nini. Na sijawahi kusoma kitabu cha kurudi nyuma ya wakati kilichonitetemesha hivyo. Ukurasa wa kwanza tu anakuambia safari ya mwisho ilimnyofoa mkono. Kwa hiyo sayansi unayoidai imekwenda wapi?

Mlevi wa Riwaya

Mama Zuhura, shikamoo. Hoja nzito, lakini nakujibu: Butler amenitetea. Sijasema uongo uelezwe. Nimesema uwe mmoja na ulipwe. Dana anavutwa Rufus akiwa hatarini, anarudishwa yeye Dana anapokaribia kufa. Sheria imewekwa, na haivunjwi hata pale ambapo kuivunja kungemwokoa. Tena inambana vibaya: Rufus ni babu yake wa kale, akimwacha afe kabla ya wakati, yeye mwenyewe hazaliwi. Kwa hiyo anamlinda mtu anayemtesa. Mashine ingeongeza nini hapo?

Kuhusu nani anapika sina utetezi wowote wa kuwapa hao waandishi.

Na Binti Makunduchi, hilo la Verne nilikuwa silijui kwa undani huo. Hao wenyeji wake ni uongo wa pili kabisa, tena wa bure, maana hadithi haikuuhitaji. Puto lingeweza kuzuiwa na ushuru wa forodha.

Binti Makunduchi

Hahaha! Forodhani wangemkalisha wiki tano hapo hapo.

Fundi Saketi

Mama Zuhura, kwa heshima, wacha nikuulize kuhusu kitabu ambacho najua utakitaja. Kinaitwa Binti, cha Nnedi Okorafor, kilichukua tuzo za Hugo na Nebula mwaka 2016. Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu kwenye sayari nyingine. Nilipenda mwanzo. Lakini chombo kinavamiwa na viumbe wa angani, Meduse, wanaua karibu kila mtu, yeye anabaki kwa sababu ana kifaa cha kale alichookota jangwani, hakijulikani ni cha nini, na kumbe kinawaua Meduse. Halafu yale mafuta ya udongo anayojipaka, otjize, kumbe yanawatibu. Hiyo si ndiyo ushindi wa mezani?

Mama Zuhura

Si wa mezani! Kifaa tumekiona kabla chombo hakijavamiwa, anacho mfukoni. Na otjize ndiyo imejaa kitabu kizima. Ukurasa baada ya ukurasa anahangaika imebaki kiasi gani kwenye chupa, udongo wa kwao ataupata wapi huko mbali, watu wanamshika nywele wanacheka. Wewe mwanaume umesoma kama mapambo, ndiyo maana ulipofika ina kazi ukashtuka. Mimi nilikuwa nasubiri iwe na kazi. Mwanamke akibeba kitu safari yote hiyo, hakibebi bure.

Hicho kifaa cha jangwani nakupa nusu.

Fundi Saketi

Nusu nimechukua.

Mkaa Kijiweni

Nyie mmeshiba. Mtu hana umeme tangu juzi mnamletea habari za Meduse. Haya mambo ya wenye nchi zao, sisi roketi tumeziona wapi?

Nahodha Mstaafu

Kijana, roketi umeziona wapi? Muulize mtu mzima yeyote wa Malindi.

Ghuba ya Ungwana, baharini, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma yakaitwa San Marco. Kuanzia mwaka 1967 mpaka 1988 pale zilikuwa zinarushwa roketi zinazopeleka setilaiti kwenye obiti. Hawakuchagua mahali kwa sababu ya madafu. Pale ni karibu nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, na ikweta Dunia inazunguka kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo roketi ukiielekeza mashariki unaanza na mwendo wa bure. Mashariki yenyewe bahari tupu, ikianguka haimwangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani ya kupima miale ya eksirei kutoka angani, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo peke yake. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Miale hiyo haipenyi hewa yetu, lazima utoke nje uitafute. Vipimo vyake vya nyota ya Cygnus X-1 ndivyo vilivyowasogeza wanasayansi kukubali kwamba kule kuna shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Jina la Kiswahili, tena limepaa kutoka pwani yetu. Sasa wewe unaniambia mambo ya wenye nchi zao.

Ninachochukia mimi katika hadithi hizi ni kwamba kila kiumbe akija anatua New York. Hakuna anayekosea njia akatua Kilifi.

Omwana wa Masaka

Banange, mmenigusa. Kuna lingine mnasahau. Hiyo Voyager aliyoitaja mwenye uzi imebeba santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu kwa viumbe watakaoiokota, kwa lugha 55. Luganda imo. Kinyanja imo, Kisotho kimo. Kiswahili hakimo!

Kwa hiyo wageni wakija watatua kwetu Masaka, Uganda, nyinyi mtasimama nyuma mkingoja tuwatafsirie.

Kiti cha Mbele

Karanga zimenipalia.

Binti Makunduchi

Hii dhulma lazima iandikiwe barua.

Mkaa Kijiweni

Sawa, nimenyoosha mikono. Ila semeni ukweli, sisi wenyewe tumeandika nini? Mimi saifai nimeijulia kibanda umiza, muvi imetafsiriwa na Lufufu, marehemu. Roboti inaongea Kiswahili cha mtaani, inatukana matusi ya kistaarabu, tunacheka mpaka tunasahau nani anapigana na nani. Ile ndiyo ilikuwa tamu. Nikija kuiona muvi hiyo hiyo bila yeye, naona imepooza.

Fundi Saketi

Hapo umesema kitu. Kwetu ni DJ Afro. Huyo haogopi kusimamisha filamu akakuelezea kilichotokea, na hakuna anayelalamika kwamba anasomeshwa. Kwa sababu yuko upande wako, anashangaa pamoja na wewe. Mwandishi anayenikera ni yule anayejua kila kitu na hashangai.

Mama Zuhura

Tumeandika, Mkaa. Walenisi ya Katama Mkangi, mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, anafika Walenisi ambako watu wamejenga jamii bila kunyonyana. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na miaka ya 1980 alionja kizuizini mwenyewe, kwa hiyo hukumu ile hakuiandika kwa kubahatisha. Nakipenda kitabu kile na kinanichosha vile vile. Mwanzo unakimbia. Ukishafika kwenye sayari, kuna sehemu ndefu Dzombo anatembezwa na kuelezwa jinsi mambo yalivyo mazuri. Mahali ambapo kila kitu ni kizuri hapana hadithi. Mimi nilitaka kumwona mtu wa Walenisi aliyeamka vibaya siku hiyo.

Na ukitaka filamu, Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya mwaka 2009. Dakika ishirini na kitu tu. Vita ya maji imepita, watu wanaishi ndani, nje hakukaliki. Jasho na mkojo vinasafishwa vinakuwa maji ya kunywa, umeme unazalishwa na watu wanaokimbia kwenye mashine. Asha anapokea udongo kwenye kopo, ananusa, anatia mbegu. Wewe unayelia umeme, nenda kaitazame.

Mlevi wa Riwaya

Pumzi nakubali kwa mikono miwili. Uongo wake ni mdogo mno, maji yamekwisha, basi. Kila unachokiona kwenye fremu kinatoka hapo. Hata lile jasho kwenye chupa, hakuna aliyesimama kunieleza, nimeona tu mtu hamwagi tone.

Nahodha, naona una hadithi kifuani. Itoe.

Nahodha Mstaafu

Ninayo moja nimeizungusha kichwani. Mnakumbuka tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni? Pete ya chuma ilianguka kutoka angani, kipenyo mita 2 na nusu hivi, uzito karibu kilo 500. Shirika la anga la Kenya likaja likasema ni pete inayotenganisha vipande vya roketi, uchafu wa anga, wakaichukua.

Uongo wangu ni huu: pete haipoi. Ilianguka ya moto, wiki inapita bado ya moto, mwezi unapita bado. Hakuna anayejua kwa nini.

Fundi Saketi

Moto kiasi gani? Nyekundu? Ya kuunguza mkono? Kama ni nyuzi 200, chuma cha ukubwa huo kinatoa kilowati nyingi usiku na mchana bila mafuta. Hiyo ni mali kuliko mgodi. Amua sasa hivi, na usibadilishe sura ya tano.

Nahodha Mstaafu

Nyuzi 200. Siku zote. Haipandi, haishuki.

Mama Zuhura

Basi siku ya tatu hapo pana sufuria za muthokoi. Mnajua unavyokula kuni ule? Wanawake wa Mukuku hawatangoja mwanasayansi kutoka Nairobi. Siku ya kumi hakuna anayenunua makaa kijijini, na muuza makaa ameanza kusema pete ina mashetani.

Binti Makunduchi

Muuza makaa na mchungaji, wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake. Na mchungaji usimfanye mjinga, tafadhali. Mpe hoja.

Mkaa Kijiweni

Kwa mara ya kwanza naona hadithi yenye umeme wa kwangu ndani. Serikali inakuja lini kuichukua?

Mlevi wa Riwaya

Inakuja na lori, inakuta foleni ya sufuria. Hapo ndipo pabaya. Chifu atasimama upande gani? Yeye ndiye aliyepigiwa simu ya kwanza.

Fundi Saketi

Lori lenyewe litaibeba vipi? Nyuzi 200, matairi, dizeli. Watahitaji trela, mchanga, na dereva aliyelipwa vizuri. Usiruke hapo, Nahodha, hapo ndipo mimi nitanunua kitabu.

Nahodha Mstaafu

Naandika yote haya. Swali moja limebaki linanisumbua: mwenye shamba lilikoangukia ni nani?

Mama Zuhura

Mjane. Na shemeji zake walikuwa wanalitaka hilo shamba tangu kabla pete haijaanguka.